Pembe Mbili za Ndovu Mmoja

Dalili iliyookotwa mahali pa jinai imezoeleka kuwa na safari moja tu, nayo ni ya kutoka maabara hadi mbele ya hakimu. Hukumu ikishatolewa hutiwa ghalani, wala haiulizwi neno tena. Intelijensia ya sayansi ya jinai haikubali dalili ilale hivyo: huipima pamoja na za kesi nyingine, zikiwamo zile zilizokosa mshtakiwa, ili ibainike kama zote ni amali ya mkono mmoja.

Mfano wake ni huu: Profesa Samuel Wasser wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, pamoja na wenzake, walitoa vinasaba katika kinyesi cha ndovu wa pande nyingi za Afrika, wakachora ramani ya asili zao. Na kwa ramani hiyo walipozipima pembe zilizokamatwa, ilidhihirika mwaka 2015 kwamba nyingi za ndovu wa nyika zilitoka kusini-mashariki mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji. Hilo lilikuwa jambo adhimu, lakini lililofuata ndilo johari ya fani yenyewe. Waligundua kuwa pembe mbili za ndovu mmoja zaweza kuonekana katika shehena mbili zilizokamatwa mbalimbali, na kwamba shehena za namna hiyo aghalabu zilipakiwa bandari moja, kwa nyakati zisizoachana sana. Mwaka 2018 wakaandika kwamba nyuma ya shehena kubwa za 2011 hadi 2014 palikuwa na magenge makuu matatu, yakisafirisha kupitia Mombasa, Entebbe na Lomé. Na mwaka 2022, katika pembe 4,320 za shehena 49, wakatafuta hata jamaa wa damu, mzazi na mwanawe, ndugu na ndugu.

Nasisitiza hapa, kwa kuwa vijana wengi waitamanio kazi hii hulisahau: vinasaba kuoana hakumtii mtu hatiani. Humwelekeza tu mpelelezi zilipo hati za forodha, simu na fedha za kuchunguzwa, naye ni lazima ajue mpaka wa dhana na yakini. Lakini bila uhusiano huo, mchukuzi hushtakiwa kwa kontena alilokutwa nalo, na tajiri aliyemtuma hatajwi. Ndiyo sababu kuchelewesha sampuli za pembe zilizokamatwa, au kuzinyima maabara, ni kumfadhili tajiri huyo.