Umeme Ukikatika, Tuandike Saa

Juma lililopita, kwenye likelemba yetu hapa Butembo, mama mmoja alifika bila mchango wake. Alikuwa amenunua samaki wa Kyavinyonge ili awauze sokoni, akawaweka kwenye friji ya jirani siku ya Jumatatu. Usiku umeme ukakatika. Uliporudi, samaki walikuwa wamekwisha kuharibika, na pesa ya likelemba ilikuwa ndani ya samaki hao.

Tulimwuliza: umeme ulikatika saa ngapi? Hakujua. Ulirudi lini? “Jumatano hivi.” Alikuwa amekwenda hata ofisini kwa wenye kuuza umeme, na kijana wa pale alimwuliza maneno yale yale. Akakosa jibu, akarudi nyumbani. Hatusemi kijana alikosea. Lakini ilituuma, kwa sababu sisi wote tungekosa jibu.

Wengi wetu tulitoka Kanyabayonga vita ilipofika pale mwisho wa Juni 2024. Kule tulizoea torchi, mshumaa, na kwa wenye bahati paneli ndogo ya jua. Paneli ikikataa, unamlaumu nani? Hapa Butembo na Beni tumekuta waya, na mita ya kulipia kwanza, ile wanayoita cash power. Tumepokelewa na jamaa, nyumba mbili zinakula mita moja, na giza likiingia tunaanza kutazamana: ni nani aliyemaliza umeme? Basi, jambo la kwanza ni kutazama mita, kisha kutazama kwa jirani. Mita ikionyesha kwamba bado mna umeme, na jirani naye yuko gizani, kosa si la shangazi aliyepiga pasi.

Wamama wajue kwamba kuna sheria. Zamani SNEL peke yake ndiyo iliyokuwa na haki ya kuuzia watu umeme. Sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 ilifungua mlango kwa wengine. Ndiyo maana leo katika Kivu ya Kaskazini kuna umeme wa maji wa Matebe na wa Luviro kule Lubero, na ndiyo maana kampuni ya Nuru iliweza kuanza na umeme wa jua huko Beni mwaka 2017. Sheria hiyo hiyo ilileta mamlaka inayoitwa ARE, makao yake Kinshasa. Kazi yake ni kuwasimamia wauzaji wa umeme, kuangalia bei, na kulinda haki ya mnunuzi. Kinshasa ni mbali, tunajua. Lakini barua yenye tarehe na saa inafika mbali kuliko kilio.

Wenye kupima ubora wa umeme huuliza mambo matatu: umekatika mara ngapi, umekaa muda gani, na ukiwepo una nguvu ya kutosha? Hapa tuwe macho na hesabu. Tuseme avenue ina nyumba 100, na nyumba 20 zikakosa umeme saa 5. Ukigawanya kwa nyumba zote, inatoka saa 1 kwa kila nyumba. Kwenye karatasi ni kidogo. Lakini kama kituo cha afya kiko ndani ya zile 20, mkunga amezalisha kwa torchi ya simu saa 5 nzima. Kwa hiyo kituo cha afya kiandikwe peke yake, kisichanganywe na nyumba zetu.

Kuhusu nguvu, umeme wa nyumbani unapaswa kuwa karibu volti 220. Ukishuka sana, balbu zile za zamani zinakuwa nyekundu kama kaa la moto, na friji inanguruma bila kugandisha. Hapo chomoa friji mara moja, mota yake inaweza kuungua. Andika hilo pia, hata kama taa haikuzimika.

Tumekubaliana daftari moja kwa kila avenue, na mama mmoja wa kulishika. Anaandika tarehe, saa ya kukatika, saa ya kurudi, na kilichoharibika. Risiti za umeme zibandikwe humo. Mwisho wa mwezi tunaandika barua kwa muuzaji. Nakala yetu ipigwe muhuri wa kupokelewa kabla hatujaondoka pale ofisini. Wakikataa muhuri, tunaandika siku na saa walipokataa. Wasipojibu, nakala iende kwa burgumesta, kisha ARE.

Daftari la avenue yetu tumempa yule mama wa samaki. Jumapili umeme ulikatika saa 1 na dakika 10 jioni, ukarudi saa 4 kasoro robo. Imeandikwa.