Mgebuka, Karanga na Sake: Kinywaji Gani kwa Treni ya Mpanda?

Abiria anayetoka Kapalamsenga hana reli mlangoni. Kata hiyo ya Wilaya ya Tanganyika, inayojulikana zaidi kwa shaba yake, iko upande wa Ziwa Tanganyika, na treni inaishia Mpanda mjini. Kwa hiyo hupanda gari kwanza, na si ajabu mzigo wake ukawa na kitu cha ziwani: migebuka waliokaushwa kwa moshi, au dagaa kwenye mfuko uliofungwa mara mbili ili jirani asilalamike. Stesheni anaongeza mayai ya kuchemsha, karanga na chapati. Chakula amekichagua kwa makini. Kinywaji sasa, anachukua chochote kilicho baridi.

Hapo ndipo wengi wanapoharibu safari. Nitaeleza kwa kutumia kinywaji cha mbali, sake ya Wajapani, kwa sababu Wajapani ndio walioifikiria zaidi ndoa ya chakula cha stesheni na kinywaji chake. Msimamo wangu ni kwamba kwa samaki mkavu wa Ziwa Tanganyika, sake inazishinda bia na divai. Sababu zake zitamfaa hata msomaji asiyegusa pombe.

Tawi la reli la Kaliua hadi Mpanda lina kilomita 210, na lilijengwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia ili kubeba madini ya risasi ya Mpanda. Abiria na magunia ya mahindi walifuata baadaye. Njia huvuka Mto Ugalla, ikaungana na Reli ya Kati pale Kaliua, ikapita Urambo kwenda Tabora. Urambo ndiko Waingereza walikoanzisha sehemu ya ule mradi wao mkubwa wa karanga uliovunjwa mwaka 1951. Fedha zao zilipotea, lakini karanga za mkulima mdogo bado zinapimwa kwa kikopo hadi leo.

Japani nako chakula cha reli kina historia yake. Simulizi inayotajwa zaidi ni ya stesheni ya Utsunomiya mwaka 1885: vitonge vya wali vyenye tunda la ume lililokolea chumvi, pamoja na figili ya kuchachusha, vyote vimefungwa kwa jani la mwanzi. Chakula hicho huitwa ekiben, na kadiri miaka ilivyokwenda kila stesheni ilijitengenezea chake kwa kilichopatikana jirani, kaa huku, nyama ya ng'ombe kule. Huliwa kikiwa kimepoa, kwa hiyo wapishi hukoleza chumvi, sukari na siki, maana ladha hufifia chakula kikipoa. Oktoba 1964, mwezi uleule treni ya kasi ilipoanza kukimbia kati ya Tokyo na Osaka, kampuni ya Ozeki ilitoa sake ndani ya glasi yenye mfuniko, mililita 180, kipimo cha mtu mmoja. Msafiri hakuhitaji tena kikombe wala kifungua chupa.

Sake hutengenezwa kwa mchele, maji, hamira na ukungu uitwao koji. Mchele hukobolewa zaidi kuliko ule wa kula, hupikwa kwa mvuke, kisha sehemu yake hupandwa ukungu huo. Koji hutoa vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari, na hamira huigeuza sukari hiyo kuwa kilevi.

Aliyeona togwa ikitengenezwa hatapata shida hapa. Uji mzito wa mahindi au ulezi huachwa upoe hadi vuguvugu, kisha hutiwa unga wa kimea. Mwiko uliokuwa unasimama wenyewe sufuriani huanza kulala pembeni, na ukionja utakuta uji umelainika na kuingia utamu bila hata kijiko cha sukari. Kimea hapo kinafanya kazi ya koji. Togwa baadaye huchachuka kidogo kwa nguvu ya bakteria wa asidi, nayo sake huendelea hadi kilevi cha asilimia 15 au 16, mara tatu ya bia ya kawaida. Anayeinywa kwa mwendo wa bia atapitilizwa stesheni yake.

Tuje kwa mgebuka. Ukimvunja mgongo akiwa mkavu sawasawa, nyama hutoka kwa nyuzi ndefu, mafuta hubaki vidoleni, na harufu ya moshi hutangulia ladha. Mnywee divai nyekundu, na kinywa kitajaa shombo kama umelamba msumari. Hilo lina maelezo ya kimaabara. Mwaka 2009 watafiti wa Kijapani walionyesha kwamba madini ya chuma yaliyomo kwenye divai ndiyo yanayoibua ladha hiyo ya shombo inapokutana na chakula cha baharini: chuma kikiwa kingi, nayo huzidi. Watengenezaji wa sake kwa desturi hukwepa maji yenye chuma, maana huharibu rangi na ladha ya pombe yao. Shombo halipati wa kuliamsha.

Sababu ya pili ni ladha ya tano, ile inayofanya mchuzi uitwe mchuzi. Mwaka 1908 profesa Kikunae Ikeda aligundua kwamba ladha nzito ya supu ya mwani inatokana na glutamati. Mwaka 1913 Shintaro Kodama akaonyesha kwamba samaki mkavu ana kitu kingine kinachofanya kazi hiyo, inosinati. Baadaye Akira Kuninaka akathibitisha kwamba viwili hivyo vikikutana mdomoni nguvu yake haijumlishwi tu, inazidishwa. Samaki aliyekaushwa ana inosinati. Sake ina glutamati, kwa kuwa koji huvunja pia protini za mchele. Ndiyo maana funda dogo la sake humfanya mgebuka aonekane kama amepikwa upya. Mpishi wa dagaa anayeweka nyanya zilizoiva hadi zikapondeka sufuriani anatumia kanuni ileile, kwa sababu nyanya nayo ina glutamati nyingi.

Bia si adui. Kwa samaki wa kukaanga aliyetoka kwenye karai, mapovu yake hukata mafuta vizuri, na kwa karanga za chumvi sioni cha kuishinda: chumvi hupunguza uchungu wa bia, bia nayo huosha kinywa kwa kiganja kinachofuata. Kwa samaki wa moshi tu ndipo inapochemka, kwani uchungu huangukia juu ya moshi na ulimi unachoka mapema.

Ukibahatika kupata sake, usivutwe na bei. Zile za daraja la juu, ambazo angalau asilimia 40 ya punje imekobolewa ikaondolewa, zina harufu ya matunda inayohitaji ubaridi na utulivu. Mbele ya mgebuka zinapotea. Chagua ile ya kawaida iitwayo junmai, isiyoongezwa kilevi cha nje. Wajapani wenyewe huipasha hadi nyuzi 40 au 50, na behewa la daraja la tatu mchana wa Oktoba litakupunguzia kazi hiyo.

Mayai ya kuchemsha yanakubali sake bila maneno mengi, mradi yana chumvi. Chapati na maandazi yaachie chai ya tangawizi. Pilipili ndiyo ya kuangalia: kilevi huongeza mwako wake, kwa hiyo muhogo uliopakwa pilipili na sake kali ni kujitesa. Dawa yake ni maziwa mgando, kwa kuwa protini ya maziwa huing'oa pilipili ulimini.

Katavi na Tabora ni nchi za miombo na asali, na wanzuki, pombe ya asali, hauwezi kurukwa. Wanzuki uliobaki na utamu unaenda na karanga, na uliokaukiwa sukari unamfaa samaki. Tatizo lake ni kwamba nguvu hutofautiana kutoka chungu hadi chungu, na hakuna lebo ya kukuonya. Gongo siizungumzii kabisa. Humo huweza kuwamo sumu inayopofusha, na hakuna chakula duniani kinachoistahili.

Kwa asiyekunywa pombe, togwa ndiyo jibu, na sisemi hivi kumfariji. Uchachu wake hukata mafuta ya samaki, utamu wake hutuliza chumvi, na uzito wake humbeba mtu treni inapochelewa. Soda haifikii hapo: sukari ni nyingi mno, na baada ya dagaa wa chumvi kiu hurudi maradufu. Ukikosa togwa, maji yenye ndimu ni bora. Na maji yenyewe beba ya kutosha, hasa ukiamua kunywa kilevi, kwa sababu kilevi hukausha mwili na chumvi ya samaki inamalizia kazi.

Hukumu yangu ndiyo hiyo: mgebuka mpe sake, karanga zipe bia, chapati ipe chai. Kwa kuwa sake si kitu cha kutegemea kuikuta Mpanda, msafiri anayetoka Kapalamsenga abebe migebuka wake na atafute togwa mjini kabla ya kupanda. Anunue ya jana, isiwe ya juzi, na kwenye chupa asikaze mfuniko. Togwa huendelea kuchacha njiani, na kwenye joto la behewa chupa iliyozibwa sana humwagikia abiria wa kiti cha mbele.