Sababu gani dokta anasema "ngojeni kwanza" mbele ya kupasua kansere ya umio

Mimi ni mtu wa mashamba, nilisomea agronomia, haiko udaktari. Lakini mwaka huu familia yetu imelazimishwa kujifunza mambo ambayo hakuna profesa aliyetufundisha, na naona ni vizuri niyaandike hapa, kwani wengi mnaniuliza kwa message.

Mjomba wangu, ndugu ya mama, alianza kukwamiwa na bugali. Kwanza alikuwa anashushia na maji, kicheko juu yake. Kiisha bugali ikakataa kabisa, akabaki na uji, na nguo zikaanza kumuzidi mwili. Nyumbani watu wakasema ni karuho, kuna mtu amemuwekea sumu. Tulipoteza miezi mitatu kwa kutapishwa na maji ya mizizi. Siku kamera ilipoingizwa mu koo na kipande kidogo cha nyama kikakatwa kwa kupimwa, jina likatoka: kansere ya umio, ile bomba ya sentimita 25 hivi inayopeleka chakula toka koo mpaka tumbo.

Tukauza ng'ombe wawili kwa ajili ya kupasuliwa. Na dokta akasema: "Hatumupasue sasa. Kwanza majuma matano ya shimio na mionzi." Mke wa mjomba alilia mbele ya watu wote: "Dokta, munataka kula franga zetu, kiisha mumupasue wakati amekwisha kufa?" Nami, kusema kweli, moyoni nilikuwa upande wake.

Njo nikaanza kusoma. Umio inapita mahali pembamba sana, nyuma ya bomba ya pumzi, karibu na moyo na mshipa mkubwa wa damu. Tena haina ile ngozi ngumu ya inje ambayo sehemu nyingi za matumbo ziko nayo. Kwa hiyo kansere ikivuka ukuta inajishika upesi kwa majirani, na mbegu zake zinaingia mapema kwenye tezi za limfu. Mwenye kupasua anaweza kutoa kila kitu anachokiona na bado akaacha kile ambacho jicho halioni.

Wenye migomba mu Kivu wataelewa haraka. Mugomba ukipata ule mnyauko wa bakteria, unakata shina lililogeuka manjano, unarudi nyumbani na furaha. Miezi inapita, machipukizi ya pembeni yanaanza kukauka pia, kwani bakteria zilikuwa tayari chini, kwenye kiazi cha mugomba, hata kama majani yalikuwa kijani. Mfano haulingani kwa yote (mtu haiko mugomba, hatung'oi shamba zima), lakini shida ya kukata kinachoonekana tu ni ile ile.

Kwa hiyo dawa za mbele zina kazi mbili: kupunguza kivimbe ili kitoke na mipaka safi, na kuua mbegu zilizokwisha kusafiri. Kuna pia sababu ya tatu ambayo sikuifikiria. Kupasua umio ni kazi kubwa, wanagusa kifua na tumbo, na tumbo lenyewe linavutwa juu lichukue nafasi ya umio. Wagonjwa wengi kiisha hapo hawana tena nguvu za kubeba shimio. Afazali aichukue wakati mwili unaweza.

Utafiti uliobadilisha mambo ulifanyika Uholanzi na matokeo yake yalitoka mwaka 2012. Unaitwa CROSS. Walihesabu wagonjwa 366. Sehemu moja walipasuliwa moja kwa moja. Wengine walipata kwanza dawa mbili, paklitaxeli na karboplatini, mara moja kwa juma kwa majuma 5, pamoja na mionzi mara 23, siku 5 za kila juma. Kiisha wakapumzika majuma machache na kupasuliwa. Mipaka safi ilipatikana kwa watu 92 kati ya 100 waliopasuliwa, na 69 tu kwa wale wa kisu peke yake. Nusu ya waliotangulizwa dawa waliishi zaidi ya miezi 49. Kwa wengine ilikuwa 24. Kiisha miaka 10, waliokuwa bado wazima ni 38 kwa 100 dhidi ya 25. Angalieni pia hiyo namba vizuri: hata na dawa, wengi hawakufika.

Sasa jambo linalotugusa sisi. Kansere ya umio iko aina mbili kubwa. Moja inatoka kwenye ngozi ya ndani ya umio, inajulikana na tumbako, pombe, vinywaji vya moto sana. Njo inayotawala upande wetu wa Afrika ya mashariki, na njo ya mjomba. Ingine inaota chini karibu na tumbo, inafuatana na kiungulia cha miaka mingi na unene. Iko mingi Ulaya na Marekani. Ile ya kwanza inasikia mionzi zaidi: mu CROSS, karibu nusu ya wagonjwa wa aina hiyo, umio ulipotolewa na kupimwa, hawakukuta tena kansere hai ndani yake.

Kwa hiyo musishangae kama jirani amepewa dawa tofauti. Kwa aina ya pili, Wajerumani walilinganisha njia ya CROSS na dawa nne za shimio bila mionzi, mizunguko 4 mbele na 4 nyuma ya kisu, kwa watu 438, na shimio ikashinda: miezi 66 kwa 37. Wajapani nao, kwa aina ya kwanza, walijaribu dawa tatu bila mionzi. Kiisha miaka 3 watu 72 kwa 100 walikuwa hai, na 63 kwa dawa mbili. Hiyo ni habari nzuri pale mashini ya mionzi haiko, lakini dawa tatu ni nzito, zinaomba mgonjwa mwenye nguvu na labo inayopima damu kila wakati.

Nguvu. Hapa njo niliumia. Mu CROSS hawakuchukua mtu aliyepoteza zaidi ya sehemu 10 kwa 100 ya kilo zake. Mjomba alikuwa na kilo 62, akafika hospitali na 50. Hesabu mnaijua. Ile miezi mitatu ya kutapishwa ilitunyima kilo, na kilo njo zilikuwa tikiti.

Mbele ya yote wanafanya pia skana ya kifua na tumbo. Kama kansere imefika kwenye ini ao mapafu, kupasua hakusaidie tena. Kazi inakuwa kumufungulia mtu njia ya chakula, mara nyingi na stenti, kabomba ka waya kanakowekwa ndani ya umio. Hospitali ya Tenwek, kule Bomet mu Kenya, inajulikana sana kwa kazi hiyo. Skana ya mjomba ilikuwa safi, Mungu asifiwe. Kwa hiyo dokta hakumukatalia, ila alisema chakula kitangulie. Wakamuwekea sonde ya pua. Na hapa agronomia yangu ikapata kazi: uji wa sosoma, soya ikizidishwa, unga wa sambaza uliochungwa vizuri, mafuta kidogo, kupitisha sonde pole pole mara sita kwa siku.

Vitu vingine nilivyojifunza njiani. Mgonjwa wa shimio akipata homa ya 38, musingoje asubuhi, damu yake inaweza kuwa haina askari. Mionzi inachoma umio, kwa hiyo kwenye juma la tatu hivi kumeza kunaweza kuuma zaidi kuliko mbele, na familia inafikiri dawa imeshindwa. Baadaye kinyume kinatokea: njia inafunguka, mtu anakula bugali, anasema nimepona, kisu cha nini? Kuna utafiti mwingine wa Uholanzi, SANO, ulioonyesha kwamba wale wasioonekana tena na kansere kiisha dawa wanaweza kuchungwa bila kupasuliwa mara moja, na kiisha miaka 2 walioishi hawakuwa wachache kuliko waliopasuliwa. Lakini kuchungwa kule ni kamera, vipande vya kupima na skana kila miezi michache. Kurudi kijijini na kungoja haiko kuchungwa.

Na franga. Tulihesabu kisu tu, njo kosa letu. Mionzi ni kila siku ya kazi kwa majuma matano, kwa hiyo kuna nyumba ya kulala, chakula, mtu wa kumusindikiza, karatasi za mupaka. Wengi wa upande wetu wanaenda Kigali, ambako hospitali ya kijeshi iko na mashini tangu 2019, ao Mulago, Kampala. Ulizeni bei ya jumla yote mbele ya kuuza ng'ombe wa kwanza.

Mjomba yuko juma la pili la mionzi. Mke wake njo anamusindikiza, na sasa njo yeye anawaelezea wengine kwenye banki ya kungojea sababu gani kisu kinakuja nyuma. Leo asubuhi amenitumia picha ya balansi: kilo 53.