Sayansi ya Kupika Ugenini

Mwanafunzi aliyetoka Dodoma au Kakamega akafika Hamburg hakosi chakula dukani. Rafu zimejaa unga, mchele na maharage, ila kwa majina na sura asizozizoea. Hununua mfuko unaofanana na wa kwao, akapika kama alivyofundishwa na mama yake, sufuria ikampa kitu kingine kabisa. Wengi hukata tamaa hapo, wakaishia kula vya kununua kwa bei inayoumiza mfuko na afya. Haifai iwe hivyo. Chakula hutii kanuni zilezile kokote kinakopikwa, na anayezijua kanuni hizo hupika chochote.

Unga wa ugali

Chembe za wanga wa mahindi zikiwa ndani ya maji hufyonza na kuvimba, na joto likifika kati ya nyuzi 62 na 72 hivi hulainika na kutoa ute unaoushikanisha unga. Ndiyo maana mpishi hutangulia kukoroga uji, akauacha uchemke, kisha akaongeza unga na kusonga.

Polenta ya Waitalia ni mahindi halisi, lakini mara nyingi husagwa chenga. Maji huchelewa kufika katikati ya kila chenga, na ugali wake hukwaruza ulimi hata ukisongwa kwa nguvu. Isage tena kwa blenda, au uache uji wake uchemke taratibu kwa muda mrefu kabla ya kusonga. Usidanganywe na ule unga mweupe, laini mno, unaouzwa kwa ajili ya kuipa supu uzito. Huo ni wanga mtupu uliotolewa kwenye mahindi, na ukiupika utapata ute mzito unaong'aa.

Mchele na ngano

Wanga wa mchele ni wa aina mbili, amilosi na amilopektini. Mchele wenye amilosi nyingi, kama basmati, huiva punje zikiwa zimeachana, na huo ndio wa pilau. Mchele mfupi wa Kijapani una amilosi kidogo, hivyo hushikana. Mchele mnato wa Thailand karibu hauna amilosi kabisa. Ukiupikia pilau utapakua bonge.

Kwa chapati, kinachotafutwa ni glutini, protini ya ngano inayojifuma kuwa nyuzi unga unapokandwa. Mifuko ya Ujerumani huwa na nambari kama 405, 550 na 1050. Hizo ni miligramu za majivu yanayobaki gramu 100 za unga mkavu zikichomwa: nambari ikipanda, ujue pumba nazo zimeongezeka. Wa 405 ni wa keki. Wa 550 hukubali kusukumwa vizuri. Uingereza hawaandiki nambari hizo, kwa hiyo soma gramu za protini kwenye lebo. Epuka unga uliokwisha kutiwa dawa ya kuumulia, maana chapati zitatoka kama mkate.

Maharage

Hapa maji yenyewe hubadilika. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Hamburg iko karibu na usawa wa bahari, na huko huchemka kwenye nyuzi 100. Maharage yaleyale yangetarajiwa kuiva upesi zaidi huko.

Lakini London, ambako maji hutoka kwenye miamba ya chokaa na kuacha ukoko mweupe ndani ya birika, huenda yakakaa jikoni saa nyingi bila kulainika. Kalisi iliyomo ndani ya maji hayo hukaza pektini, gundi inayoshikilia seli za mbegu. Bibi zetu walikuwa na dawa yake tangu zamani: magadi. Magadi hulegeza pektini, na sodiamu yake huchukua nafasi ya kalisi. Ulaya, soda ya kuokea hufanya kazi hiyohiyo. Tia kidogo tu, kwa sababu ikizidi huleta ladha ya sabuni na kuharibu vitamini B1.

Lipo na jambo la usalama. Maharage mekundu mabichi yana lektini, sumu inayoweza kumtapisha mtu aliyekula punje nne au tano tu. Vyungu vya umeme vya kupikia polepole, vinavyopendwa sana ughaibuni, huenda visifikie joto la kuiua. Loweka maharage saa tano au zaidi, mwaga maji hayo, kisha yachemshe kwa moto mkali katika maji mapya kwa nusu saa kabla ya kuyahamishia humo. Ya kopo yamekwisha kupikwa. Hayana hatari hiyo.

Wazazi wanaowaandaa watoto kwenda masomoni nje huwafungia unga na viungo kwenye sanduku. Hivyo huisha. Tuwaingize jikoni mapema, wa kike na wa kiume, na tuwaeleze kwa nini uji hutangulia na magadi hufanya nini. Atakayejua sababu atajilisha vizuri popote atakapopangiwa chumba.