Mwenye Mzigo na Mtumiaji wa Mwisho

Nyumba nyingi za Kitisuru hazionekani na mpita njia. Aonacho ni ua mrefu, lango la chuma na bawabu aliyeketi kivulini. Nyuma ya mojawapo ya malango hayo, katika nyumba iliyogeuzwa ofisi, nilialikwa pamoja na wenzangu wanne kupitia tafsiri ya kijitabu cha mafunzo ya maafisa wa forodha. Kijitabu kilihusu udhibiti wa bidhaa za hatari zinazotoka nchini au kupita nchini: silaha, vipuri, na kemikali ambazo mkulima huzihitaji kwa mbolea na mwingine akazitaka kwa baruti. Wafadhili wageni walikuwa wameng'amua, na katika hili nawasifu, kwamba afisa aliye zamuni Malaba au Namanga usiku wa manane huzungumza na dereva wa lori kwa Kiswahili, wala si kwa lugha ya mikataba.

Tulikwama kwa saa mbili kwenye maneno matatu: mtumiaji wa mwisho. Ndiye mtu, au jeshi, au kiwanda, ambacho bidhaa itaishia mikononi mwake. Mwenzetu mmoja alilalamika kwamba maneno hayo humfanya msomaji afikirie foleni, na yule anayesimama nyuma ya wote. Mzee mmoja aliyestaafu forodha ya Mombasa alitusikiliza kwa subira, kisha akasema, "Walimu wangu, mwajisumbua bure. Sisi bandarini humwita mwenye mzigo."

Tulicheka, na nusura tulikubali neno lake. Lina uzuri wa neno lililozaliwa kazini. Lakini kadiri nilivyolitafakari ndivyo nilivyoona kwamba hapo hasa ndipo penye shimo. Mwenye mzigo ni yule ambaye jina lake limo katika karatasi, anayelipia ushuru na kuleta lori. Mtumiaji wa mwisho aweza kuwa maili elfu moja kutoka hapo, na jina lake lisiandikwe popote. Utaratibu wote wa kudhibiti bidhaa hizi umejengwa juu ya tofauti ya watu hawa wawili.

Wanafunzi wangu wengi walikuwa wachanga mno wakati wa kisa cha meli ya Faina, kwa hiyo nitakikumbusha. Mnamo Septemba 25, 2008, maharamia wa Kisomali waliiteka meli hiyo ikitoka Ukraine kuja Mombasa. Ndani mlikuwa na vifaru 33 vya aina ya T-72, pamoja na silaha nyingine na risasi. Serikali ya Kenya, kwa kinywa cha msemaji wake wa wakati huo, Dkt. Alfred Mutua, ilitangaza kwamba shehena hiyo ilikuwa ya jeshi la Kenya. Punde si punde pakatokea orodha ya shehena iliyotaja mikataba kwa herufi nne: GOSS. Kila aliyefuatilia habari za Sudan alizifahamu herufi hizo kuwa kifupi cha Kiingereza cha Serikali ya Kusini mwa Sudan. Upande wa serikali yetu ulieleza kwamba zilisimamia kitengo cha ugavi wa zana na usalama.

Nimefundisha isimu kwa miaka mingi, na sijapata mfano bora kuliko huu wa jinsi maana inavyoweza kubebeshwa herufi kwa nguvu. Andrew Mwangura, aliyekuwa akiongoza shirika la kuwasaidia mabaharia huko Mombasa, alizisoma herufi hizo kama zilivyosomwa na wengine, akasema hadharani kwamba vifaru vilikuwa safarini kwenda Kusini mwa Sudan. Alikamatwa na kushtakiwa. Meli iliachiliwa Februari 2009 baada ya fidia kulipwa, ikatia nanga Mombasa. Mwaka wa 2010, nyaraka za kibalozi za Marekani zilizofichuliwa na WikiLeaks zilionyesha kwamba Wamarekani walijua safari ya vifaru hivyo, na kwamba shehena nyingine zilikuwa zimekwisha kupita kabla yake.

Na ajabu ni kwamba kifaru yule mwingine, mwenye pembe na miguu minne, ana ulinzi madhubuti zaidi wa karatasi. Chini ya mkataba wa mwaka wa 1973 unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kifaru mweusi hasafirishwi nje bila vibali viwili, kimoja cha nchi atokayo na kingine cha nchi aendako. Yaani macho mawili husoma jambo lilelile. Cha chuma kilipita kwa neno la upande mmoja.

Si kwamba hatukuwa na ahadi. Aprili 21, 2004, nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilitia saini hapa Nairobi Itifaki ya kudhibiti silaha ndogo na nyepesi. Wiki moja baadaye, Aprili 28, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio nambari 1540, linaloitaka kila nchi iwe na udhibiti wa vifaa vinavyoweza kuunda silaha za maangamizi, vinapouzwa nje na vinapopitishwa, na kumchunguza mtumiaji wa mwisho. Azimio hilo liliwaita pia wenye uwezo wawasaidie wasio nao. Desemba 2006 Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi saba zilizoandaa azimio lililofungua njia ya Mkataba wa Biashara ya Silaha. Mkataba huo ulipofunguliwa kutiwa saini Juni 3, 2013, nchi 67 zilitia saini siku hiyo ya kwanza. Kenya haikuwamo.

Wapo watakaosema kwamba Kusini mwa Sudan ilihitaji nguvu, kwamba amani ya Januari 2005 ilitiwa saini papa hapa Nairobi, na kwamba jirani hana budi kumsaidia jirani. Huenda. Hata hivyo, aliyeamini sababu hiyo angeliandika jina la jirani kwa ukamilifu. Ushirikiano wa kimataifa unaweza kutuletea mashine za kumulika makontena, na mashine hizo zitaonyesha kilichomo. Hazitaonyesha anayekwenda kukitumia. Hilo hujulikana kwa jina lililoandikwa na kwa afisa aliyeruhusiwa kuuliza, naye afisa wa daraja la chini atamuuliza nani, ikiwa wakubwa wake ndio walioandika?

Huko Kitisuru tuliliacha neno la mzee, tukabaki na mtumiaji wa mwisho, pamoja na foleni yake. Kabla ya kuondoka nilipendekeza sentensi moja iongezwe chini ya nafasi ya jina katika fomu ya mfano: jina liandikwe kwa ukamilifu, vifupisho havikubaliki. Mzee wa forodha alitikisa kichwa kwa kuafiki. Mwenyekiti akasema kwamba jambo hilo litahitaji kwanza kushauriwa na wahusika, akaiandika pambizoni kwa kalamu ya risasi.