Motokari inalia mbele ya kuanguka

Kila asubuhi, mbele jua haijatoka, watumikaji wa Kolwezi wanasimama kando ya barabara kungojea bisi ya kazi. Mutu anapanda, anafunika kichwa na koti, analala. Mu mugodi tunachunga sana kaske na botini. Lakini ile bisi yenye kutupeleka na kuturudisha, nani anaiangalia?

Wakati nilikuwa delege wa sendika mu ekipe ya usiku, bisi yetu ilikuwa inagonga ko-ko-ko upande wa mbele kila ikiingia mu shimo. Tulizoea. Siku moja nikakaa karibu na shofere, nikamuuliza. Akajibu pole pole: «Delege, mi najua. Lakini kama nakatala, kesho banatia mwengine pa volani.»

Tukaomba isimame mu garaji. Mekanisie akainua gurudumu na kriki, akalishika juu na chini, akalitikisa. Likacheza sawa jino la mutoto. Rotile ilikuwa imekwisha. Kama ingekatika tukiwa mu njia, gurudumu lingelala na volani haingesikia tena shofere. Na sisi tulikuwa tunalala ndani.

Tangu siku ile nilijifunza alama za suspansio. Haziombi diplome.

Kwanza tusikilizane. Resori ao lame zinabeba uzito. Amortisere zinazuia resori zisiruke-ruke. Rotile na silentibloke zinaunga mikono yenye kushika magurudumu. Watu wengi wanafikiri ni mambo ya kukaa vizuri tu. Hapana. Kazi kubwa ni kugandamiza pine chini. Pine yenye kuruka haishiki barabara, na freni haina nguvu.

Alama ya kwanza ni kuruka. Kama motokari ni ndogo, simama pa kona moja, igandamize na mikono miwili, kisha achilia. Ikipanda na kutulia, ni vizuri. Ikiendelea kucheza juu na chini mara mbili, tatu, amortisere imekufa. Kwa bisi ao kamio mikono haitoshi: angalia namna inavyoyumba kisha kupita mu shimo.

Ya pili, mafuta. Inama, angalia amortisere. Mavumbi kidogo si kitu. Lakini ikilowana na mafuta yenye kushuka, imepasuka ndani.

Ya tatu, freni. Shofere akifunga, pua ya motokari inainama sana, na inakawia kusimama. Mu barabara ya Likasi, nyuma ya makamio ya shaba, hizo metre chache zinaweza kukuua.

Ya ine, pine. Pitisha mukono juu yake. Ikiliwa upande moja, ao ikiwa na mabonde-mabonde, usinunue ingine mbele ya kutafuta sababu. Hata hiyo mupya italiwa vilevile.

Ya tano, motokari inavuta upande. Anza kupima hewa ya pine. Kama hewa ni sawa na bado inavuta, enda ku garaji.

Ya sita, inakaa upande. Iweke fasi ya sawasawa, bila watu ndani, uiangalie kutoka nyuma. Upande moja ukishuka, resori ao lame imevunjika.

Ya saba ni ile ko-ko-ko. Inaweza kuwa silentibloke tu, inaweza kuwa rotile. Masikio hayawezi kutenganisha. Ni kriki ndiyo inatenganisha. Usingoje.

Wenye taksi na motokari ya nyumba, tusijidanganye. Kukata kipande cha pine ya zamani na kukitia fasi ya silentibloke ni kununua wiki chache. Amortisere zinabadilishwa mbili kwa pamoja, za mbele ao za nyuma, si moja. Kisha kubadilisha rotile, pimisha paralelisme. Na tupunguze muzigo: gunia za makala juu, watu ine pa kiti cha watu watatu, hakuna lame itashinda.

Kwa bisi ya kazi, shofere peke yake hana nguvu. Ajali ya njia kati ya nyumba na kazi inahesabiwa ajali ya kazi, lakini pesa ya CNSS hairudishi mguu, hairudishi baba wa watoto. Ukisikia alama, ambia delege wako siku ileile, na jambo liingie mu komite ya usalama, kwa maandishi: namba ya bisi, siku, na alama gani.

Sisi tuliandika barua. Bisi ililala mu garaji siku mbili, tukaletewa ingine. Shofere hakufukuzwa. Chini ya barua kulikuwa majina yetu yote, lake halikuwepo.