Jumla ya tarakimu haikuambii kama namba ni tasa

Naulizwa tena na tena: namba ni ndefu, haigawanyiki kwa 2, 3 wala 5, na tarakimu zake ukizijumlisha unapata namba tasa, je, yenyewe si tasa pia? Hapana. Chukua 4,294,967,297, yaani 2 kwa kipeo cha 32, jumlisha 1.

Tarakimu zake zinaleta 59. Ni kweli 59 ni tasa, na hapo wengi hufunga daftari. Lakini jumla ya tarakimu inajua jambo moja tu: baki la kugawanya kwa 9, na kwa hiyo kwa 3. Ukigawanya 10, 100 au 1,000 kwa 9 hubaki 1, hivyo kila tarakimu huchangia thamani yake tupu, popote ilipokaa. Nafasi imefutwa. Jumla ya 23 ni 5, ya 32 pia ni 5. Ya kwanza ni tasa, ya pili ni shufwa! Tarakimu za 49 zinaleta 13, namba tasa, ilhali 49 ni 7 × 7. Kipimo kisichotofautisha 23 na 32 kitaamuaje namba yenye tarakimu kumi? Na bado wapo wanaowapa watoto uzushi huu kama njia ya mkato ya mtihani. Unaniudhi, maana mtoto hapotezi alama tu. Anajifunza kwamba hesabu haina sababu.

Katika karne ya 17 Pierre de Fermat aliamini namba hii ni tasa, kwa kuwa wenzake wa ukoo uleule, 3, 5, 17, 257 na 65,537, wote ni tasa. Mwaka 1732 Leonhard Euler akaivunja: 641 × 6,700,417. Baadaye alithibitisha kwamba kila kigawo tasa cha namba hii, kikigawanywa kwa 64, lazima kibakishe 1. Namba tasa za kwanza za namna hiyo ni 193, 257, 449, 577, 641. Jaribio la tano umeipata. Anayeanzia 2 na kupita kila namba tasa ataifikia kwenye jaribio la 116.

Ufanyeje basi? Namba ndogo, igawanye kwa namba tasa hadi kufikia kipeuo chake cha pili, usivuke. Yenye umbo maalumu, tumia umbo hilo. Kubwa isiyo na umbo, iachie kompyuta kipimo cha Miller na Rabin: chini ya 4,759,123,141, kuijaribu kwa 2, 7 na 61 kunatoa jibu la hakika. Usitegemee kipimo sahili cha Fermat kwa 2 pekee. 4,294,967,297 hukipita bila kukwama. Kwa 3 inanaswa papo hapo, ila hutatajiwa kigawo hata kimoja. Kuvitafuta vigawo ni kazi nyingine, nzito zaidi.